Sura ya Sita: Mdomo Laini

Yai lilikuwa bado na joto. Ulezi alilitoa chini ya mibuni, mahali ambapo kuku mmoja wa mama alikuwa amejificha kutaga, akapita nalo kati ya migomba, akaruka mfongo wa maji, akaja kusimama mbele ya mama huku mkia ukipepea. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage. Aliona tu mashavu ya mbwa yamevimba, akajua kifaranga kimekwisha. Akanyakua ufagio.

"Mama, ngoja kidogo," nikamwambia. Nikatandaza kiganja chini ya kidevu cha mbwa. "Achia."

Yai likashuka mkononi mwangu, limelowa mate, zima, halina ufa hata mmoja.

Mama akalishika, akaligeuzageuza kwenye mwanga, akaliweka sikioni kama anayesikiliza saa. "Mwanangu," akasema, "hiki kitu amefundishwa na nani?"

Kubeba yai hakufundishwa na mtu. Kuliachia alifundishwa, na ilinichukua wiki nane. Sura hii inahusu hizo wiki nane na yote yaliyofuata, kwa sababu ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba mtu anayefuga retriva bila kumpa mchezo wa kucheza anamnyima kazi yake, na mbwa aliyenyimwa kazi hujitafutia kazi mwenyewe.

Tuanze na kazi hiyo ni ipi. Mwaka 1868, kwenye shamba la Guisachan katika milima ya Uskoti, tajiri mmoja aliyeitwa Dudley Marjoribanks, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Tweedmouth, alimpandisha dume wake wa manjano, Nous, kwa jike wa mbwa wa majini aliyeitwa Belle. Wakazaliwa watoto wanne wa rangi ya manjano, na hapo ndipo ukoo wa golden retriever ulipoanzia. Binamu yake, labrador, asili yake ni mbwa wa wavuvi wa Newfoundland huko Kanada, waliozoea maji baridi na kazi za nyavu. Wote wawili walichaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa jambo moja: bata akipigwa risasi na kuangukia ng'ambo ya maji, mbwa aende, ampate, amlete, na nyama ifike mezani haijatobolewa na meno. Ndiyo maana ya mdomo laini. Mbwa mwenye taya za kuvunja mfupa anambeba ndege kama mama anavyombeba mtoto aliyelala.

Sasa mlete mbwa huyo Moshi, kata ya Mawenzi, kwenye nyumba yenye geti la bati na ua wa hatua ishirini kwa kumi. Bata wa kupigwa risasi hakuna. Maziwa ya Uskoti hakuna. Lakini hamu ya kwenda, kupata na kuleta ameamka nayo asubuhi kama sisi tunavyoamka na njaa. Atafanya nini? Ataleta kandambili za mgeni, mwiko, sare ya mtoto kutoka kwenye kamba ya nguo. Na sisi tutamwita mwizi, tutamfunga mnyororo.

Ulezi alifungwa mnyororo hivyo kabla hajafika kwangu. Jina alipewa na mama, kwa sababu manyoya yake yalimkumbusha ulezi wa pombe ya mbege ulioanikwa kwenye mkeka. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, amenenepa, na akishika kitu hakiachii. Ukimfuata, anakimbia. Ukimpata, anafumba taya na kukutazama.

Nikafanya makosa ambayo karibu kila mtu huyafanya. Nilimkimbiza, naye akajifunza kwamba kukimbizwa ni mchezo mtamu kuliko yote. Kisha nikamvutia kitu mdomoni, naye akajifunza kukaza. Kila unapovuta unaufanya mdomo laini kuwa mgumu, na unaiharibu kwa dakika tano zawadi ambayo wafugaji waliitengeneza kwa zaidi ya miaka mia moja.

Dawa yake ni biashara ya kubadilishana. Nilikwenda soko la Memorial nikanunua soksi nene za sufu, zile ambazo zimeshapanda mlima na miguu ya watu wengine. Nikaijaza moja pumba na vitambaa, nikaishona ndani ya kipande cha gunia la kahawa mpaka ikawa kifurushi cha urefu wa mkono kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, uzito wa nusu kilo hivi. Mfukoni nikaweka dagaa wakavu. Ulezi akibeba kifurushi, simkimbilii. Nachuchumaa, nageuka upande ili nisimkabili uso kwa uso, nangoja. Akija, namtolea dagaa mmoja puani. Mdomo unafunguka wenyewe, kifurushi kinadondoka, na katika sekunde ileile ninasema "Achia". Anakula dagaa. Halafu, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea, ninamrudishia kifurushi chake. Mbwa anayejua kwamba kuachia si kunyang'anywa ataachia chochote, hata yai, hata mfupa.

Siku kumi za kwanza ilikuwa dagaa kwa kifurushi. Baada ya hapo neno likatangulia na dagaa akafuata. Baada ya mwezi nikawa natoa kiganja kitupu na neno, na dagaa anakuja mara moja katika tatu. Dakika tano asubuhi, tano jioni, basi. Mbwa anayechoka mchezo anafundishwa kuuchukia.

Huwa nawasikia watu wanasema mnyama hafundishiki bila fimbo. Nawakumbusha Morogoro. Pale kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Panya akigusa harufu sahihi, mwalimu anabonyeza kidude kinacholia "tik", na panya anapata chakula, mara nyingi kitu chenye ndizi. Mlio ule una maana moja tu: hicho ulichofanya sasa hivi, ndicho. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kupelekwa Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020, na alipokufa Januari 2022 alikuwa amefichua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Alikuwa na uzito wa kilo moja na ushei. Alichapwa fimbo gani? Aliambiwa tu, kwa wakati unaofaa, kwamba amepatia. Mimi sina kidude cha kubonyeza. Natumia kalamu ya wino ya kubonyeza kichwani, na Ulezi akiisikia kalamu yangu hata nikiwa naandika, masikio yanasimama.

Suala la maneno linahitaji uangalifu kwetu. Nyumba nyingi mbwa huamrishwa kwa Kiingereza, kama vile Kiswahili hakimfai. Mimi Ulezi namwambia kaa, subiri, leta, achia, tafuta, njoo. Ni maneno mafupi, hayafanani, na mtoto wa jirani anaweza kuyatamka. Neno moja nimelikwepa kabisa, nalo ni "shika". Kwa Kiswahili sahihi lingefaa sana kwa mbwa wa kubeba vitu, lakini kila mtoto wa mtaani anajua maana ya shika likisemwa kwa mbwa: mtu anakaribia kung'atwa. Nikilisema neno hilo uwanjani, akina mama watakusanya watoto wao. Kwa hiyo nasema "beba". Mchezo wa mbwa hauchezwi peke yako, unachezwa mbele ya mtaa mzima, na mtaa una masikio.

Uwanja wetu ni kipande cha nyasi si mbali na nyumbani, na saa yetu ni ile ambayo mlima bado uko wazi, Kibo kushoto na Mawenzi kulia na meno yake yaliyovunjika, kabla mawingu hayajapanda. Sichagui saa hiyo kwa sababu ya uzuri wake, ingawa ni nzuri. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anatoa kidogo kwenye nyayo na joto jingine lote analipumua kwa kuhema. Retriva amevaa koti la Uskoti. Kuanzia Januari hadi Machi, Moshi inapochemka, mbwa anayerushiwa kifurushi saa sita mchana atakileta mpaka aanguke, kwa sababu hajui kukataa. Wewe ndiye wa kujua. Weka mgongo wa kiganja kwenye lami uhesabu mpaka saba; kama huwezi kuvumilia, nyayo zake nazo haziwezi. Ulimi ukitoka mrefu na mpana kama kijiko, ufizi ukaiva wekundu, mchezo umekwisha: kivuli, maji ya kawaida mwilini na tumboni, na mnywe wote wawili.

Kuruka viunzi ni mchezo unaopendwa sana Ulaya na Marekani. Ulianza kama kijazio cha muda kwenye maonesho ya Crufts huko Uingereza mwaka 1978, mbwa wakikimbizwa kupita viunzi kama vya farasi, na watazamaji wakaupenda kuliko maonesho yenyewe. Kihambani kwa mama, yaani kwenye shamba lake la migomba na kahawa huko Uru, vifaa vipo tele: fito mbili na gogo la mgomba juu yake, pipa lililotobolewa pande zote mbili likawa handaki, na mstari wa masale ya mpakani ambao Ulezi anaupita akipinda huku na huku kama mshona mkeka. Gogo la mgomba lina faida moja ambayo wazungu hawana: mbwa akiligonga linabonyea, halimuumizi. Lakini usimrushe mbwa mchanga. Mifupa yake inakuwa bado haijakomaa mpaka afikishe mwaka mmoja au mwaka na nusu, na retriva wana udhaifu wa kurithi wa nyonga. Mpaka hapo gogo likae chini kabisa, alivuke kama kizingiti cha mlango.

Na unene. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionesha kwamba karibu robo ya labrador wana kasoro kwenye jeni iitwayo POMC, inayowafanya wasishibe. Ukimwona labrador anakutazama kwa macho ya yatima huku sahani yake haijakauka, huenda anasema kweli, njaa anaisikia. Usimtii. Dagaa wa mafunzo watoke kwenye chakula chake cha siku, wasiwe nyongeza. Na tafadhali usimrushie gunzi la mahindi wala mbegu ya parachichi. Huku kwetu vitu hivyo vimejaa kila mahali, vinaviringika vizuri, na retriva hupenda kumeza anachobeba. Gunzi halisagiki tumboni. Linakwama kwenye utumbo, na hapo ni upasuaji au kaburi.

Mchezo ninaoupenda mimi kuliko yote hauhitaji mbio. Ni kutafuta. Pua ya mbwa ina vipokea harufu zaidi ya milioni 200, yetu ina kama milioni 5 au 6, na tunawafungia viumbe hao kwenye ua wa sementi wenye harufu moja mwaka mzima. Kihambani ninamwambia Ulezi asubiri nyuma ya banda la ng'ombe. Naficha soksi: mara ya kwanza kwenye kisiki anachokiona, halafu nyuma ya shina la mgomba, halafu juu ya tawi la mbuni usawa wa kichwa changu. Narudi, nasema "Tafuta".

Mwangalie sasa. Anaanza kwa kupiga mbio za furaha, pua juu, hapati kitu. Anasimama. Upepo wa asubuhi kwenye miteremko ya Uru unashuka kutoka mlimani, na yeye anajua hilo kabla yangu. Anageuza mwili akate upepo, anakwenda kushoto, anarudi kulia, na kila mzunguko unakuwa mfupi kuliko uliopita. Ghafla kichwa kinageuka kabla ya miguu, kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni. Kuanzia hapo mkia unabadilika, unapiga haraka na karibu na mwili. Pumzi inakuwa fupifupi, unaisikia. Anafika chini ya mbuni, anazunguka shina, anatazama juu. Dakika kumi za mchezo huu humchosha kuliko saa nzima ya kukimbia, na akirudi hulala usingizi wa mtoto aliyetoka shule.

Barabara ya kwenda Arusha, pale Usa River, mchezo huu huu umefanywa kazi ya kitaifa. Shirika la AWF lilianzisha huko, mwaka 2014, mpango wa kuwafundisha mbwa na askari wa wanyamapori kutoka nchi zetu namna ya kugundua pembe za ndovu na faru zilizofichwa bandarini na kwenye viwanja vya ndege. Mbwa anayefichua pembe kwenye kontena analipwa nini? Mpira. Anarushiwa mpira wake, anautafuna dakika moja, anarudi kazini. Kwake yeye uhalifu wa kimataifa ni mchezo wa kutafuta na kuleta, uleule tunaoucheza mimi na Ulezi chini ya migomba kwa soksi ya Memorial.

Majini nilikawia. Tuna methali kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko, nami nimeigeuza kuwa kanuni: sirushi kifurushi mahali ambapo mbwa, akiwa ndani ya maji na macho yake yakiwa juu ya maji kidogo tu, hawezi kuuona ukingo wa kutokea. Kwenye nduwa, yaani mabwawa ya kuhifadhia maji, na kwenye mifongo simwingizi, kwa sababu maji hayo yana zamu na wenyewe, na kuna watu wanaoyachota huko chini. Tunasubiri kiangazi, tunakwenda kwenye kidimbwi kilichotulia cha mto Rau, na wakati wa masika hatuendi kabisa. Mara ya kwanza Ulezi alisimama ukingoni akilia. Sikumsukuma. Nilivua viatu nikaingia mwenyewe mpaka magotini, nikaweka kifurushi juu ya maji umbali wa hatua mbili. Alipoinua miguu kutoka chini na kugundua kwamba maji yanambeba, uso wake ulibadilika kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Alikuwa amefika nyumbani kwao. Nikumbushe pia kwamba msitu wa juu na njia za mlima ni Hifadhi ya Taifa, na mbwa haruhusiwi humo. Mwaka 2011 wapandaji walimpiga picha mbwa akiwa karibu na kilele cha Kibo na habari ikazunguka dunia, lakini huyo alikwenda kwa miguu yake bila kuuliza geti. Wewe una geti la kuheshimu.

Una majirani pia wa kuheshimu. Waislamu wengi wa kwetu wanafuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Jirani anayerudi msikitini na kanzu yake hapaswi kuomba radhi kwa mbwa wangu kutaka kumlamba. Ni kazi yangu kumfundisha Ulezi kukaa na kusubiri mpaka mtu apite, na hilo tulilifundisha kabla ya viunzi na kabla ya maji. Mzee mmoja wa mtaani, mtu wa dini aliyesoma sana, alituangalia miezi miwili kwa mbali kabla ya kuniambia kwamba hata Kurani, katika Surat Al-Maida, inahalalisha windo la mnyama aliyefundishwa. "Mbwa aliyefundishwa si sawa na aliyeachwa," akasema, akaendelea na safari yake. Toka siku hiyo ninamwamkia kwa furaha zaidi.

Na chanjo. Kichaa cha mbwa kinapompata mtu, karibu kila mara kimetoka kwa mbwa, na dalili zikishaanza hakuna matibabu. Mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Kadi ya Ulezi inakaa kwenye mfuko uleule wa dagaa, na mzazi yeyote akiuliza, namwonesha tarehe kabla hajamaliza swali.

Nairobi wenzetu wana East Africa Kennel Club, chama cha tangu enzi za ukoloni, chenye maonesho na mashindano yake. Sisi hatujafika huko. Tuna Jumamosi. Saa moja asubuhi kihambani kwa mama Uru, wanakuja watu wanne watano na mbwa wao, tunaficha soksi, tunapanga magogo ya mgomba, mama anachemsha chai ya maziwa.

Mwezi uliopita alikuja mzee jirani wa mama, mwenye kihamba cha juu, akiwa na mbwa wake, Simba. Mtaa mzima unamjua Simba kwa sauti tu; mchana hufungwa mnyororo, usiku hubweka. Ni mbwa wetu wa kawaida, mwekundu, mkia umekunjwa, sikio moja limekatika. Mzee alimshika kamba fupi, akasimama pembeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Nimekuja kuangalia tu. Huyu wa kwangu ni wa ulinzi, hana mambo ya kizungu."

Nikamwomba mzee kofia yake mwenyewe, ile ya sufu aliyovaa, iwe ndiyo soksi ya Simba. Akaitoa kwa shida. Tuliwatoa mbwa wengine wote nje ya uwanja, nikaificha nyuma ya rundo la majani ya ng'ombe. Simba hakukimbia huku na huku kama Ulezi. Alisimama kwanza, akafumba mdomo, pua ikachezacheza mara tatu nne. Kisha akanyoosha njia, akipita kati ya mibuni bila kugusa tawi, akamburuta mzee wake nyuma, akaingiza kichwa kwenye majani na kutoka na kofia. Haikupita dakika moja. Ulezi, kwenye rundo lilelile, alikuwa ametumia nne.

Mzee alichuchumaa. Sijui kama amewahi kuchuchumaa mbele ya mbwa huyo. Simba alikuwa amekaza taya kwenye kofia na macho yake yalikuwa yanauliza kama atapigwa. Nikampa mzee dagaa mmoja, nikamwonesha namna ya kugeuka ubavu na kungoja. Tulingoja muda mrefu. Chai ilipoa. Kisha kofia ikaanguka, mzee akasema "Achia" akiwa amechelewa kidogo, na Simba akala dagaa kwenye kiganja chake, taratibu, kwa ncha ya midomo.

Mzee akaipangusa kofia kwenye goti, akaivaa.

"Jumamosi ijayo mnaanza saa ngapi?" akauliza.